Springi, mizani na mzigo unaoning'inia ndani ya lifti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Kila mwaka tukifika kwenye kanuni za Newton, lifti inapanda na nusu ya darasa inabaki chini. Maswali huwa yale yale: mengi ya wanafunzi, machache ya wazazi wao, na moja la dereva wa daladala. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayoyatoa nikiwa na nafasi, maana darasani kengele haingoji.

Mchapuko ni kiasi ambacho mwendo unabadilika kila sekunde. Kwenye hesabu zote nimechukua mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani g, kuwa 9.8 m/s². Dar es Salaam ni kama 9.78 na London ni 9.81, tofauti ambayo haitatusumbua. Mchapuko wa lifti nimeuchukua kuwa 1 m/s², kwa sababu lifti nyingi za maghorofa hurekebishwa zicheze karibu na hapo ili abiria wasipate kichefuchefu.

Mwalimu, nikiingia kwenye lifti na mizani ya kuning'iniza, itasoma nini?

Niliwahi kuingia nayo, ile ya uso wa duara kama saa, nimetundika kilo 2 za sukari. Mlinzi wa jengo aliniuliza kama napeleka oda ghorofani. Mlango ulipofunga, mshale ulikuwa kwenye 2. Lifti ilipoanza kupanda, mshale ukaruka, ukacheza kidogo, ukakaa karibu na 2.2. Baada ya sekunde mbili hivi ukarudi kwenye 2 na kutulia hapo ghorofa baada ya ghorofa, kana kwamba hatuendi popote. Tulipokaribia kusimama ukashuka hadi kama 1.8, kisha ukarudi 2 mlango ulipofunguka.

Wakati wa kushuka mambo yaligeuka: kwanza 1.8, halafu 2 kwa muda mrefu, na mwisho 2.2.

Watu husimulia ule mruko wa mwanzo. Mimi kinachonivutia ni ule utulivu wa katikati, kwa sababu ndiko jibu liliko.

Kwa nini katikati ya safari mizani haioni kitu, hata lifti ikiwa ya kasi kubwa?

Kwa sababu springi haipimi kasi. Springi inajua jambo moja tu: inavutwa kwa nguvu kiasi gani. Robert Hooke alilisema hilo mwaka 1678 kwa maneno machache ya Kilatini, baada ya kulificha miaka miwili kwenye fumbo la herufi zilizovurugwa ili asiibiwe: kadiri unavyovuta, ndivyo inavyorefuka. Kwa hesabu, F = kx, ambapo F ni nguvu ya kuvuta, k ni ugumu wa springi na x ni urefu ulioongezeka.

Mzigo unaokwenda kwa mwendo usiobadilika hauhitaji kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, ya ziada. Springi inabeba uzito wake tu, kama ilivyokuwa ukutani kwako nyumbani. Iwe lifti inakwenda mita 1 kwa sekunde au mita 10, x ni ile ile.

Lifti bado inapanda lakini mizani imepungua. Si imeharibika?

Haijaharibika. Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa sababu mwanafunzi anaangalia lifti inakokwenda. Usiangalie inakokwenda. Angalia mwendo unabadilika kuelekea wapi.

Lifti inayopanda huku ikipunguza mwendo ina mchapuko unaoelekea chini, sawasawa na lifti inayoanza kushuka, na springi haiwezi kutofautisha hayo mawili. Vivyo hivyo lifti inayoshuka huku ikifunga breki ina mchapuko unaoelekea juu, na mshale unapanda kama vile safari ya kupanda ndiyo inaanza. Nikiwafumba macho wanafunzi wangu na kuwapa mshale peke yake, hawawezi kuniambia kama tunaanza kupanda au tunamaliza kushuka. Hata mimi siwezi.

Kwa hiyo sukari imeongezeka kweli?

Punje hata moja haikuongezeka. Tungamo la sukari, yaani kiasi cha sukari yenyewe, ni kilo 2 palepale. Kilichoongezeka ni kani ambayo springi inalazimika kuitoa, kwa sababu sasa ina kazi mbili: kuizuia sukari isianguke na kuisukuma ipande kwa mwendo unaozidi. Tatizo ni kwamba uso wa mizani umeandikwa kilo, wakati ndani kinachopimwa ni nyutoni, kipimo cha kani. Kiwandani waligawanya kwa g na kuchora mistari, wakidhani mizani itakaa mahali pametulia. Mizani inayotundikwa kliniki, ile mtoto anayovalishwa kama kaptula na kuachwa akipiga mateke hewani, nayo ni hivyo hivyo. Mama akimpima mwanawe ndani ya lifti inayoanza kupanda, mtoto wa kilo 8 angeonekana na kilo 8.8, na kadi ingefurahisha wote bila sababu.

Sasa chukua mizani ya mawe, ile ya sahani mbili. Weka jiwe la kilo 2 upande mmoja na sukari upande wa pili, ingia nayo kwenye lifti. Haitainama. Jiwe na sukari vimeongezewa mzigo kwa uwiano ule ule. Ndiyo maana husema kwamba muuza duka mwenye mizani ya mawe anapima tungamo, na mwenye mizani ya springi anapima uzito. Mtumbwi wa kuchezea unaoelea kwenye ndoo nao hauzami zaidi lifti ikiondoka, kwa sababu hiyo hiyo: mtumbwi umekuwa mzito, lakini maji yanayoubeba yamekuwa mazito vilevile.

Hesabu yake inaandikwaje?

Simama nje ya lifti, kichwani mwako, ukiwa kwenye ardhi. Mzigo una kani mbili tu: springi inavuta juu kwa kx, dunia inavuta chini kwa mg, ambapo m ni tungamo la mzigo. Tofauti yake ndiyo inayouchapusha mzigo kwa a, mchapuko wa lifti:

kx − mg = ma, hivyo kx = m(g + a)

Mchapuko ukielekea chini, a inakuwa hasi. Kwa sukari yetu: 2 × 10.8 = 21.6 nyutoni, ukigawanya kwa 9.8 unapata kilo 2.2. Kwa mtu wa kilo 60 aliyesimama juu ya mizani ya bafuni, ni kama kilo 66 wakati wa kuondoka na kilo 54 wakati wa kusimama.

Unaweza pia kujiweka ndani ya lifti na kusema dunia imeongeza mvuto, g imekuwa g + a. Ni sahihi kabisa. Einstein mwaka 1907 alianzia kwenye wazo la namna hiyo, kwamba aliye ndani ya chumba kilichofungwa hana kipimo cha kumwambia kama chumba kinachapuka au mvutano umezidi. Kosa ni kusimama nje na ndani kwa wakati mmoja: mwanafunzi anaandika g + a upande huu, kisha anaweka tena ma upande ule. Anapata 2.4 na anaapa kitabu kimekosea.

Nikiivuta springi kidogo na kuiachia icheze, itacheza haraka zaidi lifti ikichapuka?

Hapana, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Chukua springi ya maabara ambayo jiwe la gramu 200 huirefusha kwa sentimita 10. Ugumu wake ni 1.96 ÷ 0.1, yaani 19.6 N/m. Kipindi cha kucheza, kutoka chini kwenda juu na kurudi chini, ni 2π√(m/k), kama sekunde 0.63. Tazama fomula hiyo: g haimo. Lifti inapochapuka kwenda juu, jiwe linashuka sentimita 1 hivi na kupata mahali papya pa kutulia, halafu linacheza kuzunguka mahali hapo kwa kipindi kile kile. Lifti imehamisha katikati ya mchezo. Ugumu wa springi haikuugusa, na tungamo haikuligusa.

Sasa mtego. Wanafunzi wajanja huniletea fomula nyingine: kwa kuwa kx = mg, basi m/k ni sawa na x/g, na kipindi ni 2π√(x/g). Wanasema, «Mwalimu, g hiyo hapo, imeingia!» Imeingia, lakini imekuja na mwenzake. Ndani ya lifti g inakuwa 10.8, na x nayo inakuwa sentimita 11.02. Gawanya moja kwa nyingine: uwiano haujabadilika hata kidogo.

Linganisha na timazi ya fundi mwashi, jiwe lililofungwa kwenye uzi. Likibembea, kipindi chake ni 2π√(L/g), na L ni urefu wa uzi, ambao hauongezeki kwa sababu ya lifti. Uzi wa sentimita 10 ukiwa umesimama una kipindi cha sekunde 0.63, sawa kabisa na springi yetu. Lifti ikiondoka kwenda juu, timazi inashuka hadi sekunde 0.605 wakati springi imebaki palepale. Vitundike pamoja, vianze pamoja, na ndani ya lifti vitaachana. Ila nisiwadanganye: mchapuko wa lifti unadumu sekunde mbili au tatu, muda wa mibembeo minne hivi, na kwa macho matupu hutaona kuachana huko.

Tabia hiyo ya springi ilipewa kazi ya maana angani. Kwenye kituo cha Skylab cha Marekani, kilichorushwa mwaka 1973, wanaanga hawakuweza kujipima kwa mizani ya kawaida kwa kuwa kila kitu kilikuwa kinaelea. Walikaa kwenye kiti kilichofungwa springi, kikaachiwa kicheze, na muda wa kucheza ukapimwa. Mwili wenye tungamo kubwa hucheza polepole. Tungamo lilipatikana bila kuuhitaji uzito.

Mbona mshale hauendi moja kwa moja kwenye 2.2, unapita kwanza?

Kwa sababu springi yenye mzigo ina mazoea ya kupitiliza. Kama mchapuko ungeanza ghafla, papo hapo, sukari ingekuwa juu ya mahali pake papya pa kutulia, ingeshuka, ingepita hapo na kwenda umbali ule ule upande wa pili. Mshale ungegusa 2.4, ungerudi 2.0, ungekwenda 2.4 tena, na wastani wake ndio 2.2. Yule mwanafunzi aliyepata 2.4 kwa kosa anaweza kujifariji hapo, ingawa alama simpi.

Lifti nzuri haianzi ghafla. Mchapuko unaongezwa taratibu, na kuna jambo tamu hapa: ukiongezwa kwa mstari ulionyooka kwa muda ulio sawa kabisa na kipindi kimoja cha springi, mzigo unafika mahali pake papya na kutulia bila kucheza hata kidogo. Ni kama anayebeba ndoo ya maji kichwani akajua namna ya kuanza kutembea.

Kamba ya lifti ikikatika, springi inafanya nini?

Tuseme breki zote nazo hazipo, kwa ajili ya swali tu. Wengi hujibu «mizani inasoma sifuri» na kuweka kalamu chini. Lakini sekunde ile ile kamba inapokatika, springi yetu ya maabara yenye jiwe la gramu 200 bado imerefuka sentimita 10, haijapata habari. Bado inavuta jiwe juu kwa nyutoni 1.96, na dunia inalivuta chini kwa nyutoni 1.96. Kwa hiyo mwanzoni jiwe halianguki! Lifti ndiyo inayoanguka na kuliacha. Aliye ndani ya lifti anaona jiwe likipanda. Baada ya sekunde 0.16, robo ya kipindi, springi imerudi kwenye urefu wake wa asili, na lifti yenyewe imeshuka sentimita 12 tu. Jiwe haliishii hapo, kwa kuwa lina mwendo. Linapitiliza na kuibana springi, na kama hakuna msuguano linaendelea kucheza juu na chini ya urefu wa asili, kwa kipindi kile kile cha sekunde 0.63. Ile sifuri ni mahali pa kutulia, na jiwe lisipotulia hulioni hapo isipokuwa kwa kupita.

Kwenye chuo kikuu cha Bremen, Ujerumani, kuna mnara wa mita 146 uliojengwa kwa kazi ya namna hii. Ndani yake kuna bomba lililonyonywa hewa, na kasha lenye vifaa vya majaribio linaangushwa mita 110. Sekunde 4.7 za kutokuwa na uzito, halafu linapokelewa na chembechembe laini za plastiki.

Na lifti halisi? Ilipata usalama wake kwa springi. Mwaka 1854, kwenye maonyesho ya New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la lifti mbele ya watu na kuagiza kamba ikatwe. Juu ya jukwaa alikuwa amefunga springi ya mkokoteni, ya vyuma bapa, jamaa ya zile za chini ya lori. Kamba ilipokuwa imekazwa na mzigo, springi ilikaa imepinda. Kamba ilipokatika springi ikanyooka, na ncha zake zikaingia kwenye meno ya nguzo za pembeni. Jukwaa lilishuka kidogo tu likakamata. Ni fikra ile ile ya mizani yetu: springi haikuhitaji kujua lifti inakwenda wapi, ilihisi tu kwamba mvuto umeondoka. Siku hizi kifaa kinachopima mwendo uliozidi ndicho kinachoamsha breki, na chini kabisa ya shimo la lifti za mwendo mdogo bado utakuta springi nene zimesimama zikingoja.

Nikitundika springi mbili na mizigo miwili, moja chini ya nyingine?

Springi ya chini inabeba mzigo wa chini tu, ya juu inabeba yote miwili. Ndani ya lifti badilisha g kuwa g + a kila mahali, basi. Zote zinarefuka kwa uwiano ule ule.

Na kapi, gurudumu la kupitishia kamba, iliyofungwa kwenye mizani, kamba ikiwa na kilo 3 upande huu na kilo 2 upande ule?

Kwanza jibu ukiwa umesimama ardhini. Mawe yakiachiwa yaende, mizani haisomi 5, inasoma 4.8. Kilo 3 zinashuka kwa kuchapuka na kilo 2 zinapanda kwa kuchapuka, na kwa jumla kinachoshuka ni kizito zaidi, hivyo springi inapumzika kidogo. Ndani ya lifti yetu inakuwa 4.8 × 10.8 ÷ 9.8, kama 5.3. Mitihani inaipenda sana kapi hii, mimi si sana.

Mimi ni dereva wa daladala. Tasbihi niliyoitundika kwenye kioo inarudi nyuma nikiondoka. Hiyo nayo ni lifti?

Ndiyo kaka, ni lifti iliyolala. Mchapuko wa gari ni wa kwenda mbele na mvuto wa dunia ni wa kwenda chini, na tasbihi inajipanga kati yake. Ukiondoka kwa 2 m/s², tanjiti ya pembe ni 2 ÷ 9.8, na pembe ni kama digrii 11 na nusu. Kama badala ya uzi ungetumia springi, ingerefuka pia, lakini kidogo sana: kani inakuwa m√(g² + a²), ambayo ni nyongeza ya asilimia 2 tu. Kwenye lifti mchapuko wa 1 ulileta asilimia 10, hapa wa 2 unaleta 2, kwa kuwa unavuta upande badala ya kufuata mstari wa uzito. Ukikanyaga breki tasbihi inakwenda mbele, abiria wako pia, na wao wana mdomo wa kukuambia.

Kwa nini lifti hulia ikijaa kabla ya kuondoka na si ikiwa njiani?

Kipima mzigo kilicho chini ya sakafu au kwenye ncha za kamba kinahisi kani, kama mizani yetu. Lifti ya kilo 630, ile ya watu 8, ikiwa imejaa na kuanza kupanda, kipimo kingesoma karibu 694. Hivyo kinasoma ikiwa imetulia, mlango wazi, ndipo tunapoanza kutazamana nani ashuke.

Sina mizani. Simu inatosha?

Inatosha kabisa, kwa sababu ndani ya simu kuna kidude cha silikoni kilichoshikwa na springi za silikoni, vidogo mno, na umeme unapima kimesogea kiasi gani. Ndiyo maana simu iliyolala mezani husoma 9.8 wala si sifuri, na simu inayoanguka husoma sifuri. Programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen, inachora grafu yake. Iweke simu sakafuni mwa lifti, usiishike, mkono wako nao ni springi.

Nataka kujaribu kwa mizani ya kweli. Nianzeje?

Usitumie ile ya kidijitali ya kupimia mabegi ya safari. Inangoja mzigo utulie kisha inaganda kwenye namba moja, na sisi tunataka hasa kuona wakati haujatulia. Tafuta ya mshale. Tundika mzigo unaokaribia nusu ya uwezo wa mizani ili mshale uwe na nafasi pande zote mbili. Mwenzako arekodi video ya uso wa mizani, mkaitazame baadaye polepole, fremu kwa fremu. Chagua safari ndefu, ghorofa sita au zaidi, ili kile kipande cha katikati kionekane wazi. Nenda saa za mchana watu wakiwa ofisini, na mwambie mlinzi kabla hajakuuliza. Mzigo uwe chupa ya maji ya lita 2. Sukari yangu ilipasuka tukifika ghorofa ya nne, na nilirudi kesho yake na ufagio kuomba radhi kwa ajili ya sisimizi.